Baba Mkwe Alinisubiri na Panga Mteremko wa Kyela

Breki zilikufa zote mbili kwa mpigo!

Nikabana... hewa. Nikabana tena... hewa!

Baiskeli inateremka kama jiwe, ukungu mbele, korongo kushoto. Na pale kwenye kona, katikati ya barabara, amesimama mzee mwenye koti jeusi. Mkononi ana panga.

Nilimjua. Alikuwa baba mkwe wangu.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjakimbilia kwenye komenti.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, enzi za ruksa. Maduka yamejaa vitu vya nje, sisi tuliokua kwenye foleni za sabuni tunashangaa tu. Kampuni moja iliyokuwa inaleta baiskeli za Kichina ikaandaa msafara wa watu kumi na wawili, Arusha mpaka Kyela. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nikaahidiwa nikifika Kyela bila kupanda gari napata kazi dukani kwao Arusha. Kazi ya kuajiriwa! Mimi, ambaye nilikuwa nachuma chai ya watu.

Fundi wa msafara alikuwa mume wangu, Ambwene. Kila jioni anakagua baiskeli zote, yangu anaiacha mwisho, anaifuta mpaka spoku.

"Mama Lusungu, huyo bwana umempata wapi?" wenzangu wananitania.

Na mimi kichwa kinavimba.

Siku ya kumi na saba tukalala Kiwira, kwenye madarasa ya shule. Ilibaki siku moja tu. Kwa wakwe zangu ni Kinyala, jirani pale, na mwanangu Lusungu nilikuwa nimemwacha kwao. Asubuhi nakunywa chai, nikasikia sauti ya baba mkwe nje, anaongea na Ambwene.

Nikajibanza nyuma ya mlango.

Msinicheke! Kwetu Unyakyusani mke haonani na baba wa mumewe. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia migombani, unageuza uso mpaka apite. Humsalimii. Jina lake hulitamki. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na sura ya yule mzee siijui vizuri.

Alipoondoka nikamuuliza Ambwene.

"Mzee anasemaje?"

"Amechukia suruali yako. Anasema unamwaibisha barabarani."

"Mungu wangu..."

"Wewe ukimwona kaa mbali. Akikutamkia neno baya leo, hutafika Kyela."

Tukaondoka.

Tumevuka daraja la Mto Kiwira, tunapanda, mara lori la ndizi likatupita taratibu. Juu ya mikungu amekaa yeye, na koti lake jeusi! Akaninyooshea kidole, anapiga kelele kitu.

Nikaitupa baiskeli, nikakimbilia kwenye shamba la chai. Nikachuchumaa huko mpaka lori likapotea. Baba mkwe gani anamfuata mke wa mwanawe hivyo?

Tukafika Tukuyu mchana, tukasimama mtaa wa Bagamoyo, pale pale mjini, kula. Wingu limeshuka mpaka kwenye mabati. Ndiyo kwanza nimeshika sahani, namwona anakatiza barabara, anakuja moja kwa moja kwangu!

Sahani nikaiacha. Nikajificha nyuma ya duka la nguo, kanga nimejifunika usoni. Nikasikia sauti yake na ya Ambwene zikipanda. Maneno sikuyapata.

"Ameondoka?" nikauliza baadaye.

"Ameondoka. Amekasirika vibaya, mke wangu. Wewe tangulia, ufike wa kwanza. Mimi niko nyuma yako."

"Basi nikagulie breki. Mteremko wa huko unaujua."

"Nilishazikagua asubuhi. Huniamini?"

Nikaona aibu hata kwa kuuliza. Nikapanda, nikatangulia.

Kutoka Tukuyu kwenda Kyela barabara inakuvuta yenyewe. Breki zilishika kona ya kwanza. Ya pili zikaanza kugongagonga. Ya tatu nikasikia kitu cha chuma kimedondoka kwenye lami, tiiing... na hapo ndipo nilipoanzia kuwasimulia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kifo kiko hatua chache, mzee ana panga mbele yangu, na mimi... nikageuza uso! Mila ilikuwa imeniingia mpaka kwenye mifupa.

"ATUPELE!"

Miaka sita hakuwahi kuniita.

"Atupele, mwanangu! Niangalie! Njoo huku!"

Nikamwangalia. Mzee alikuwa analia. Na pembeni yake, ukingoni mwa kona, palikuwa na rundo la migomba iliyokatwa muda ule ule, mashina na majani, limerundikwa mpaka kiunoni. Panga lilikuwa la kazi hiyo.

Nikakata usukani, nikaingia ndani ya rundo mzima mzima.

Jino moja nililiacha pale. Mengine yote ninayo, na uhai ninao.

Nilipoinua kichwa mzee ameshanipa mgongo. Akaongea huku anaangalia barabara.

"Alfajiri nilimkuta mume wako na spana kwenye breki zako. Nikamuuliza, akasema anakaza. Mimi nimebeba kahawa kwa baiskeli miaka ishirini, mwanangu. Anayekaza hazungushi upande ule."

Na mimi nikampa mgongo, nikamuuliza.

"Kwa nini hukuwaambia wenzangu?"

"Ningemwambiaje mgeni kwamba mwanangu anamuua mkewe? Niliona aibu. Nikasema nikwambie wewe mwenyewe... na wewe kila nikija unakimbia. Ndipo nikapanda gari, nikakutangulia kwenye kona hii."

Mnaelewa? Yeye aibu, mimi heshima. Katikati yetu Ambwene alikuwa anapita kwa raha zake.

Akatokea kwenye kona, polepole, breki zake nzima. Alipotuona akashuka kwenye baiskeli.

"Baba..."

"Mwambie mkeo ulichofanya."

"Baba, nilitaka aanguke kidogo tu. Avunjike hata mkono, arudi nyumbani. Akishapata kazi Arusha atanirudia huyu?"

Kidogo tu! Kwenye mteremko ule!

Mzee hakumpiga. Alichukua spana kwenye mfuko wa mwanawe, akachomoa nati kwenye baiskeli ya Ambwene, akazifunga kwenye yangu. Nilimtazama mkono wake unavyozunguka. Upande wa kukaza sijausahau mpaka leo.

"Panda," akaniambia, bado hanitazami. "Maliza safari. Huyu niachie mimi."

Nikamaliza. Nilifika Kyela jioni, mdomo umevimba, watu wanapiga vigelegele hawajui ninacholilia. Ambwene baba yake alimshika mkono mpaka kituo cha polisi Tukuyu, akamsemea kila kitu mwenyewe. Kazi nilipata. Lusungu nilikuja kumchukua, na aliyembeba mpaka stendi alikuwa babu yake. Alimweka chini hatua kumi kutoka nilipo, akageuka.

"Ndaga, taata," nilimwambia mgongo wake. Asante, baba. Akainua mkono bila kugeuka.

Dada zangu, wadogo zangu, somo langu ni hili. Heshimuni wakwe, lakini heshima isiwazibe masikio. Na mtu akikwambia kila siku fulani anakuchukia, usimsikilize, jiulize kwa nini hataki mkutane.

Mwezi uliopita tulimzika mzee kwake Kinyala, ana miaka tisini na moja. Nilitoka Arusha, nikasimama na wakwe wenzangu kule nyuma kama inavyotakiwa. Miaka yote hiyo tuliheshimiana hivyo hivyo, kwa migongo.

Ila siku ile kwenye kona alivunja mila akaita jina langu, nikapona. Mimi lake sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Leo naliandika, mlisome wote.

Aliitwa Jotham.