Kitabu Chenye Joto

Kitabu kilikuwa na joto. Mama Chiriku alikitoa ndani ya gunia pamoja na vingine vya marehemu fulani, vilivyoletwa karakanani kwake ili vijalidiwe upya, na alipokishika alidhani kilikuwa kimeanikwa juani. Lakini gunia lilikuwa chini ya meza tangu juzi, juu ya sakafu ya saruji, na vitabu vingine vyote vilikuwa baridi.

Akakigeuza. Jalada la ngozi, limechanika mgongoni. Hakikuwa na jina, wala la mwandishi. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mashairi yaliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa kahawia. Nusu ya pili ilikuwa tupu. Akakinusa, maana pua ndiyo humwambia fundi wa kujalidi kama karatasi zimeingia ukungu. Kilinukia nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Alikaa nacho mapajani muda mrefu. Kisha, badala ya kukipanga na kazi nyingine, akakitia mkobani akaenda nacho nyumbani. Baadaye, kila aliposimulia habari hii, alianzia hapo: "Ni mimi niliyekibeba. Hakikuja na miguu."

Mumewe alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na watu walimwita Nyuzi. Nyimbo zote za bendi alizitunga yeye, na alizitunga kutoka vitabuni. Hakuwa msomi, alisoma chochote kilichopita mbele yake. Kitabu cha ufugaji wa nyuki kilimpa wimbo wa harusi ambao watu waliucheza mpaka viatu vikaachama. Mwongozo wa mafundi bomba ulimpa mdundo ambao mpiga ngoma alihangaika nao wiki nzima. Vijana wa muziki walipomuuliza siri yake aliwajibu, "Gitaa halina maneno. Kasome kwanza, halafu njoo tupige." Hata mkewe alimpata hivyo. Alifika karakanani na kitabu kilichomwagika kurasa, na fundi akamuuliza kama huwa anavisoma au anavitafuna.

Walijaliwa wasichana wawili. Wa kwanza walimpa jina la utani Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Herufi ya ra ilimshinda, kwa hiyo mwenyewe alijiita Chiliku, na ukimcheka alikununia mpaka kesho yake. Alikuwa na miaka minane homa ilipomchukua kwa siku tatu tu, mwaka mmoja kabla ya kitabu kile. Siku ya tatu Nyuzi alikuwa jukwaani katika mji mwingine. Aliporudi alikuta viti vimepangwa nje ya nyumba, akajua kabla hajashuka garini.

Tangu siku hiyo hakutunga tena. Mkewe alimletea vitabu vya ndege, vya nyota, vya mapishi, vya sheria. Vyote vikakaa vikala vumbi. Kiongozi wa bendi alikuja mara mbili, akanywa chai, akaondoka bila kusema alichokuja kusema. Majirani nao wakaacha kumwita Baba Chiriku, wakidhani wanamsitiri, kumbe walikuwa wanamzika na mtoto wake.

Kile kitabu Nyuzi alikifungua alasiri ile ile, mezani jikoni, mkewe akiosha vyombo. Akasoma ukurasa mmoja. Akasoma tena, midomo ikichezacheza. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akachukua gitaa.

Mama Chiriku aliacha bomba likimwaga maji. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wenye majonzi ya kutuliza, kama mtu anayekupapasa mgongo huku naye analia. Hakuthubutu kugeuka, asije akaukatisha. Alisimama na sahani mkononi mpaka povu likamkaukia vidoleni.

Baada ya hapo nyimbo zilikuja karibu kila siku. Bendi ikafufuka. Watu ukumbini walisimama kimya wakilia, na wakirudi makwao waliwapigia simu mama zao. Mama Chiriku akamshukuru Mungu, na akaiweka ile habari ya joto na harufu mahali pa ndani ambapo mtu huweka mambo asiyotaka kuulizwa.

Siku moja alirudi mapema kutoka karakanani. Jua lilikuwa bado kali, majirani wanaanua nguo. Akiwa mlangoni alimsikia mumewe akiimba jikoni, akikosea neno moja, akinyamaza. Halafu sauti nyingine, ndogo, ikasema kwa upole, "Ludia hapo, Baba."

Nyuzi akarudia. Ile sauti ikaingia chini ya sauti yake, ikaimba naye mpaka mwisho.

Mama Chiriku hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na mkoba wake mapajani, akaomba Mungu wimbo usiishe. Kesho yake alifunga karakana saa nane akaja kukaa pale pale. Na kesho kutwa yake.

Kitinda, mdogo wake Chiriku, alikuwa na miaka sita. Yeye hakuwa mpiga kelele kama dada yake, lakini alisema vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Wiki ile alipotaka ndizi alionyesha kwa kidole. Mama akamwambia, "Sema basi, bubu wewe," kwa utani. Mtoto akafungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa. Siku chache baadaye hakuweza kusema kandambili. Halafu shangazi. Halafu akawa anaanza sentensi na kuiacha katikati, akikodoa macho kama mtu aliyefika ukingoni na kukuta daraja halipo.

Mwalimu wake alipiga simu. "Nikiita majina haitiki," alisema. "Ananitazama tu. Machozi yanamtoka, ila sauti hakuna. Mama, kuna nini nyumbani?"

"Ana mafua," Mama Chiriku alijibu, na akaona aibu kwa wepesi wa uongo ule.

Siku hiyo, Nyuzi akiwa mazoezini, alikifungua kitabu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu akilete. Kilikuwa na joto kama shavu la mgonjwa. Ile nusu tupu haikuwa tupu tena. Mistari ilikuwa imejaa kurasa ishirini na kitu, wino wa kahawia, mwandiko ule ule, na ndani ya mashairi yale mazuri ya kuliza watu akayaona maneno moja moja, ndizi, kandambili, shangazi, na chini kabisa, wino ukiwa bado mbichi, sentensi ambayo Kitinda alikuwa amemwambia asubuhi ile akivaa viatu: Mama, kiatu kinanibana.

Ilikuwa sentensi ya mwisho aliyoisema.

Akashika ukurasa ule akauvuta auchane. Kutoka chumbani akasikia kishindo. Alimkuta Kitinda sakafuni, amejishika koo kwa mikono miwili, mdomo wazi, analia kwa nguvu zake zote na hakuna kinachotoka, hata pumzi. Pumzi ilimrudi pale tu mama yake alipokwenda kuulaza ukurasa ule mahali pake.

Nyuzi aliporudi, mkewe alimwekea kitabu mezani na kumweleza yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ulikuwa unajua?" mkewe alinong'ona.

"Habari ya Kitinda, sikujua. Naapa." "Lakini anaimba na mimi, mke wangu. Ni yeye. Anavuta pumzi pale pale alipokuwa akivuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Nakaa nje mlangoni kila siku. Na mimi nilikuwa namsikiliza, Baba Chiriku."

Hawakuweza kutazamana. Katika chumba cha pili mtoto aliye hai alikuwa amelala, na wao, wazazi wake, walihitaji dakika nzima kabla mmoja hajasema kilichopaswa kusemwa mara moja.

Aliyekuja kuwasaidia alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sikio moja zima, ambaye nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na ambaye watu walimfuata pia kwa mambo yasiyopelekwa hospitali. Alinawa mikono mpaka viwiko, akamtazama Kitinda kooni, akakiwekea kitabu sikio lake zima kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito.

"Huyu aliyemo humu hana sauti yake," alisema. "Wapo majini wa namna hiyo. Huvaa sauti ya mtu anayekosekana ndani ya nyumba, na ili aivae lazima ale ya mtu mwingine aliye karibu. Hakuvunja mlango. Alikuta watu wanamngoja."

"Kwa hiyo si mwanangu," alisema Nyuzi.

"Mimi sikusema wewe hukumsikia mwanao. Nimesema anayeimba si yeye."

"Tukichome moto?"

"Mkeo amejaribu kuchana, mkaona. Aliyekifungua kwa wimbo ndiye atakayekifunga. Utaimba mpaka mshororo kabla ya mwisho, kisha unyamaze. Atauomba huo mshororo, usimpe. Umwambie yeye si nani. Kwa kinywa chako, bila kuzungusha. Wewe Mama, wewe ni fundi, shika kisu chako. Mumeo akisema neno lile, kata uzi wa kitabu. Wanao wote wawili mimi niliwakata vitovu. Huu utaukata wewe."

Walifanya alasiri, milango wazi, Kitinda mapajani kwa mkunga. Nyuzi akaanza kupiga. Ile sauti ndogo ikaingia bila kuchelewa, na kwa mara ya kwanza waliisikia wote chumba kimoja, safi, karibu, yenye furaha ya mtoto aliyerudishwa mchezoni, na harufu ya nywele mbichi ikajaa jikoni mpaka Mama Chiriku akang'ata ulimi wake asije akaita jina. Wimbo ukafika mshororo kabla ya mwisho. Nyuzi akaweka kiganja juu ya nyuzi.

Kimya.

"Malizia, Baba."

Jasho lilimtiririka Nyuzi mpaka kidevuni.

"Malizia. Nimeshindwa kupumua hapa katikati. Baba, kuna giza."

Kurasa zikaanza kujifungua zenyewe, polepole, kama mtu anayetafuta mahali alipoishia, na sauti ikazidi kusogea, ikatoka kitabuni ikawa mezani, ikatoka mezani ikawa begani kwa Nyuzi, ikamweleza mambo ambayo hakuna aliyeyajua ila yeye na marehemu, jina walilompa paka wa jirani, wimbo waliouficha ili wamwimbie mama siku yake, hadithi ambayo hakuimalizia kwa sababu ya usingizi, na kila neno lilikuwa na ile kasoro ya ulimi waliyoizoea na kuipenda, na mkunga akawa anamkaza macho Nyuzi bila kupepesa, na Kitinda akawa anakakamaa mapajani mwake, midomo ikigeuka rangi, huku ile sauti ikishuka chini, chini kabisa, ikamuuliza taratibu bila lawama yoyote, "Siku ile nilikuita sana, Baba. Mbona hukuja?"

Nyuzi akafunga macho. Mkewe aliona kifua chake kikipanda na kisishuke, akajua anaujua huo mshororo, uko mdomoni tayari.

"Nilichelewa," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mzee. "Nilimchelewea mwanangu. Mwanangu amekufa. Alikufa akiniita na mimi sikuwepo. Wewe si mwanangu."

Mama Chiriku akakata. Mafungu ya kurasa yalikuwa saba, na kila uzi ulipokatika ile sauti ililia, na ililia kwa sauti ya Chiriku, kama alivyolia usiku wa homa, na mama yake akaendelea kukata kwa sababu mkono wa fundi hujua kazi hata moyo unapokataa. Uzi wa saba ulipokatika pakawa kimya. Karatasi zikasambaa sakafuni, tupu na baridi.

Kitinda akakohoa. Akalia kwa kelele, kilio kikubwa cha kawaida cha mtoto aliyeogopa, na wazazi wake wakamwangukia wote wawili.

Nyimbo zile ziliondoka na wino. Bendi walipojaribu kuzipiga, vidole havikupata pa kuanzia, na kwenye kanda za mazoezi palisikika mvumo tu. Nyuzi hakusikitika. Alianza kusoma tena, polepole, kwenye kiti cha karakanani kwa mkewe, na akisoma anasogeza kiti karibu na meza yake.

Maneno ya Kitinda yalirudi moja moja. Ndizi ilirudi kwanza. Shangazi ilichukua wiki. Mwezi ulipokwisha alikuwa anasema kama zamani, na mwalimu akapiga simu kulalamika kwamba anaongea darasani. Mama Chiriku akamshukuru mpaka mwalimu akashangaa.

Jumapili moja walikuwa wamekaa sebuleni, Kitinda akichezea vifungo vya shati la baba yake. Akainua macho kwenye picha ya Chiriku iliyokuwa ukutani tangu kabla hajazaliwa, akaitazama kwa makini. Chini ya picha ile alikuwa amelala, ameamka, amejifunza kutembea.

"Baba," aliuliza, "yule msichana ni nani?"

Mama Chiriku aliweka sindano chini. Nyuzi akampakata vizuri, akaanza mwanzo kabisa, siku aliyozaliwa, jinsi alivyopenda kusema, jinsi alivyombeba mdogo wake mgongoni na kuanguka naye kwenye beseni la nguo. Alisimulia mpaka giza likaingia na hakuna aliyewasha taa. Kitinda alisikiliza kwa adabu, kimya, kama watoto wasikilizavyo habari za watu wa mbali wasiowajua.