Chupa ya Moto Juu ya Plasta

Jumamosi asubuhi Injinia alimfuta Bibi bega kwa kitambaa chenye maji, akalikausha, akabandika plasta mpya ya dawa kali ya maumivu, ile inayopenya ngozi na kuenea mwili mzima, na kuikandamiza kwa kiganja. Jina la Injinia msichana huyo alipewa nyumbani, kwa sababu hakuna kitu alichokiona akakiacha bila kukitengeneza, hata kama hakijaharibika.

"Kiuno bado kinaniuma, mjukuu wangu," Bibi alilalamika. "Dawa hii inajivuta kama mtoto aliyetumwa dukani bila kupenda."

"Niachie mimi, Bibi. Mafuta yakiganda si tunayapasha moto? Na hii hivyo hivyo."

Akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia taulo, akamlaza Bibi na kuiweka juu ya plasta.

"Aa, hapo sawa!" Bibi akachekelea. "Mimi na hospitali tena wapi na wapi?"

Injinia akavimba kichwa.

Haukupita muda mrefu, maneno ya Bibi yakaanza kuwa mazito. Alipoinuka kunywa chai, kikombe kikamponyoka. Mama alipomwita, aliitika kwa mbali, kisha akazama usingizini, akipumua kwa shida. Mama akatoka mbio kumwita muuguzi, jirani yao. Injinia akaisukuma chupa chini ya kitanda.

"Amekunywa dawa nyingine?" muuguzi aliuliza akimshika Bibi mkono.

"Hapana, dada. Chai tu," Mama akajibu.

Injinia akatupa jicho chini ya kitanda. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini hata muuguzi hatajua, na Bibi ndiye huyo anakwenda.

"Ni mimi," akasema. "Nimeweka maji ya moto juu ya plasta, dawa iingie haraka."

Muuguzi hakupoteza muda kumgombeza. Akaibandua plasta, akaliosha bega kwa maji, wakamkimbiza Bibi hospitali.

Jioni Bibi alikuwa ameketi kitandani wodini, akitaka kujua nani kamvua kilemba chake bila ruhusa. Injinia akaangua kilio.

"Futa machozi unisikilize," muuguzi alimwambia. "Ulichofikiri ni kweli. Joto huifanya dawa ipenye ngozi haraka, na hapo ndipo penye hatari. Dawa hii imetengenezwa iingie kidogo kidogo. Wewe ukaifungulia bomba. Inataka ngozi safi, kavu, isiyopakwa mafuta. Basi! Maumivu yakizidi, tuite sisi."

"Na nikikosea tena, Shangazi?"

"Sema mapema, kama leo. Ujuaji wako nusura umuue bibi yako. Kusema kweli ndiko kulikomwokoa. Ila safari nyingine, anza kwa kuuliza."