Chepngeno Hatibu Mtu Leo

Asubuhi ya Ijumaa, Kipkosgei alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, nje kidogo ya Litein. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kituo, na kazi hiyo hakuifanyia mzaha. Shemeji yake, Kipkurui, alimwaga kapu lake mezani. Kipkosgei akayapekua majani kwa mikono miwili.

"Haya yamekomaa. Haya yana vijiti. Kachambue tena."

"Wee shemeji! Nimechuma chai miaka ishirini. Leo ndio unanifundisha?"

"Miaka ishirini haipandi kwenye mzani. Kinachopanda ni majani mawili na chipukizi. Chambua!"

Watu wakacheka. Kipkurui akachuchumaa, akachambua huku akinung'unika.

Wiki hiyo Kipkosgei alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Binti yake, Chepngeno, alikuwa amerudi Jumanne. Alikuwa Bulgaria tangu mwaka wa 1985, miaka kumi na moja. Alisomea udaktari, kisha akasomea ubingwa wa macho. Nauli yake ilitoka kwa harambee ya kijiji kizima. Siku aliyorudi, wanawake walimvika shingoni mmea wa sinendet, kama wanavyovikwa washindi wa mbio, wakamnywesha mursik, maziwa ya mgando, mpaka akashindwa kupumua.

Kipkosgei naye alikuwa na mpango wake. Alikodi chumba sokoni Litein. Akaandikisha kibao kikubwa: KLINIKI YA MACHO, DAKTARI BINGWA CHEPNGENO. Akaomba itangazwe makanisani kwamba daktari ataanza kazi Jumamosi. Binti mwenyewe hakumwambia neno. Alitaka kumshangaza.

Na kweli alimshangaza.

Jumamosi watu walijaa mbele ya chumba kile. Wengine walitoka Soin. Wengine walitoka Siongiroi, na mmoja wao alikuwa Bilhah, dada mkubwa wa Kipkosgei, ambaye Chepngeno alimwita senge, yaani shangazi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Alikuwa ameshikwa mkono na jirani yake.

Chepngeno alifika na mama yake, Rebeccah. Alipokiona kibao, alisimama ghafla.

"Baba, hii ni nini?"

"Kliniki yako! Ingia, watu wanangoja tangu alfajiri."

"Siwezi kumtibu mtu hapa."

"Kwani nini kimepungua? Kiti? Taa? Sema tu!"

"Ruhusa, Baba. Sijasajiliwa Kenya."

Kipkosgei alicheka kwa sauti. "Ruhusa ya nani? Wewe ni mtoto wa hapa. Waliokusomesha ndio hawa!"

Chepngeno alitikisa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona.

"Ulaya imempandisha mabega," mwanamke mmoja akasema.

"Au hakusoma," mwanamume mmoja akajibu. "Labda alikuwa akiuza nguo huko."

Maneno hayo yalimchoma Kipkosgei kama maji ya moto. Akamvuta binti yake kando.

"Mtibu mmoja tu, wanyamaze. Mtibu senge yako. Nani atajua?"

"Nikimtibu mmoja kabla ya kusajiliwa, nimevunja sheria. Naweza kushtakiwa. Naweza kunyimwa usajili." Akakinyoshea kibao kidole. "Baba, unataka miaka kumi na moja iishie hapa, mlangoni?"

Kipkosgei akafoka. "Basi nenda uwaambie mwenyewe kwamba si daktari!"

"Haiya! Nani amesema si daktari?"

Alikuwa Wacuka, muuguzi wa miaka mingi, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na soko. Alijipenyeza katikati ya watu, kabichi mbili kwapani.

"Baba Chepngeno, nimekusikia kutoka kwa wauza mboga. Umefungua kliniki bila kumuuliza daktari?"

"Ana vyeti! Nimeviona. Vina mihuri mikubwa kama sahani."

"Vimeandikwa nini?"

Kipkosgei akasita. "Ni herufi za huko."

"Basi hata wewe hujui vimesema nini. Vyeti vinasema amesoma. Usajili unasema nchi hii imevikagua vyeti, imemkagua na yeye, ikaridhika. Hayo ni mambo mawili."

"Na wanamkagua vipi?"

"Kuna bodi ya madaktari Nairobi. Kwanza vyeti vitafsiriwe na mtu anayekubalika. Bodi itataka kusikia kutoka chuoni kwenyewe, kwa sababu watu wengine hununua vyeti. Itauliza kama huko alikofanya kazi aliacha jina zuri. Inaweza kumpa mtihani. Inaweza pia kumweka hospitalini afanye kazi chini ya daktari mkubwa kwa muda."

"Mtihani tena!" Kipkosgei akapaza sauti. "Mtu amesoma miaka kumi na moja!"

Hapo sauti ilitoka nyuma ya umati.

"Miaka kumi na moja haipandi kwenye mzani, shemeji!"

Alikuwa Kipkurui. Watu wote waliokuwa kituoni Ijumaa waliangua kicheko. Kipkurui akaendelea bila huruma. "Majani yangu uliyapekua, na mimi ni shemeji yako. Hayo ni majani tu, ya kunywewa na watu tusiowajua. Macho ya watu ndiyo yasipekuliwe?"

Kipkosgei alitazama chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Umenipata, Kipkurui. Umenipata kabisa." Akamgeukia Wacuka. "Hiyo bodi, basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi?"

"Punguza mbio. Mwache aandike barua au aende mwenyewe aulize: mtu aliyesoma Bulgaria, mnataka nini kwake? Msifuate maneno ya sokoni. Kila nchi ina masharti yake, na masharti hubadilika. Na mjue kusajiliwa kama daktari ni hatua moja. Kutambuliwa kama bingwa ni nyingine. Kliniki nayo ina leseni yake."

"Na mimi je?" Bilhah akauliza. "Nirudi Siongiroi na giza langu?"

Chepngeno alimshika mkono. "Senge, hospitalini kuna daktari wa macho. Nenda Jumatatu."

"Nitakungoja wewe."

"Kungoja ni hiari yako, lakini uangaliwe kwanza. Si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Kuna magonjwa ya macho yasiyongoja mtu."

Wacuka aliwaambia wagonjwa wote vivyo hivyo. Kipkosgei mwenyewe alipanda ngazi, akakiteremsha kibao. Wachache walimzomea. Akawapungia mkono.

Jumatatu Chepngeno alipanda basi la Nairobi. Alirudi na karatasi yenye orodha ndefu. Familia ikaanza kazi. Barua ya chuo ilichelewa miezi minne, na kila Alhamisi Kipkosgei alikwenda posta kuuliza, mpaka karani akawa anamtikisia kichwa kabla hajafika dirishani. Siku ilipopatikana habari kwamba barua imefika kwa bodi, Rebeccah alipiga vigelegele shambani, wachumaji wakadhani ameona nyoka.

Chepngeno alifanya mtihani, akapita. Akawekwa katika hospitali moja chini ya daktari mkubwa wa macho, mwanamume asiyesifu mtu ovyo. Mwisho wa muda wake, daktari huyo aliandika mstari mmoja: "Ningempa jicho langu mwenyewe." Miezi michache baadaye bodi ilimtambua kuwa bingwa.

Bilhah alikuwa ameshaangaliwa. Ukungu wake ulikuwa mtoto wa jicho kweli, na daktari alimwambia unaweza kungoja. Naye alingoja. Chepngeno akamfanyia upasuaji wa jicho la kulia, kihalali, hospitalini.

Kesho yake asubuhi, Kipkosgei, Rebeccah na Wacuka walisimama kando ya kitanda. Chepngeno alibandua bandeji taratibu. Bilhah alipepesa jicho mara mbili. Akamtazama kaka yake kwa muda mrefu.

"Kipkosgei? Ni wewe? Mbona umezeeka vibaya hivi!"

Wodi nzima ililipuka kwa kicheko. Kipkosgei alicheka huku akifuta machozi kwa kofia.

Chepngeno aliinua mkono mbele ya uso wa shangazi yake. "Senge, tulia. Hesabu vidole vyangu."

"Vidole vya nini?" Bilhah akausukuma mkono pembeni. "Ondoa, unanizibia. Uso wako niliuacha wa kitoto. Sogea nikuone."

Daktari akasogea.