Walioitika Odi ya Dodo

Haya yalimkuta rafiki yetu Mukuna, Mkasai na mtunzi wa michezo ya kuigiza, mwaka ule wenyeji walipowafukuza Wakasai mjini Kolwezi, huko Kongo. Katika michezo yake, mwigizaji akipiga "Odi!", watazamaji wote huitika, "Ingia, tuko bote!" Hata sokoni, mtaa wa Manika, watu walimsalimu hivyo.

Usiku mmoja, kabla ya kukimbilia stesheni kupanda treni ya wakimbizi, alipita kwenye ukumbi wake wa michezo kuchukua ngoma yake. Umeme ulikuwa umekatwa, na ndani giza totoro. Mara akasikia mapanga yakikwaruza ukuta wa nje. Jiwe likavunja dirisha, likampasua paji la uso, damu ikamziba macho. Akajibanza chini ya jukwaa.

Mlango ukapigwa rungu.

"Odi, tata Mukuna!" Ilikuwa sauti ya Dodo, mwigizaji wake mwenyewe. "Toka, kilulu, mududu weye! Leo tunakuchinja!"

Mukuna akauma ulimi asijibu.

Lakini kutoka kwenye viti vitupu, safu kwa safu, mamia ya sauti yakaitika: "Ingia, tuko bote!"

Mlango ukafunguka, Dodo akaingia, kisha ukajifunga nyuma yake. Panga likaanguka sakafuni. Dodo akapiga ukelele mmoja mrefu, ukakatika katikati.

Halafu viti vyote vikalia kwa pamoja, kama vile watu wanapoinuka, na makofi yakaanza.