Aliyejaza Rafu ya Jazi

"Hii hapa, dada. Ina tarumbeta hii! Si ndiyo jazi yako?"

Fundi Miwani alipokea jalada la santuri, akaligeuza, akashusha pumzi.

"Mama Redio, hii ni bendi ya gwaride."

"Kwani tarumbeta si tarumbeta?"

"Na ile uliyonipa wiki iliyopita ilikuwa ya mazoezi ya kupunguza tumbo."

"Lakini si ilikuwa na saksofoni!"

Ungekuwepo ungecheka. Fundi hakucheka. Duka la Mama Redio ndilo pekee lililobaki mjini likiuza santuri, na hilo nalo lilishaanza kumezwa na spika na vifuniko vya simu. Jazi ilibakiwa na rafu moja nyuma ya mlango, urefu wa mkono. Santuri kumi na nne, na zote fundi huyu alizijua kama vidole vyake. Kila Jumamosi alikuja, akapekua, akatoka mikono mitupu na uso kaukunja.

Simu nayo haikumfaa. Kazini, akichonga vioo vya miwani ya watu, aliwasha muziki, simu ikamwandikia: "Kwa kuwa unapenda jazi, tumekuchagulia: Mvua ya Kulalia." Akaruka. Ikaleta kinanda cha kungojea lifti. Akaruka. Kutwa kidole kinaruka, moyo hautulii.

Alijua ugonjwa ulikoanzia. Miaka mitatu nyuma, alipoachana na mumewe, mpima ardhi, waligawana santuri katikati ya sebule kama watu wanaogawana watoto. Yeye alichukua za piano, mwanamume akachukua za saksofoni. Tangu siku ile nyumba ilikuwa kama imeng'olewa meno ya mbele.

Sasa, akimrudishia Mama Redio ile bendi ya gwaride, jicho likamkwama rafuni. Santuri ya kumi na tano. Jalada la kijani, kona imeliwa. Akavuta karatasi ya ndani, na pale pembeni, kwa kalamu ya bluu, akaona mwandiko wake mwenyewe: "Upande wa pili ukianza, mtu asiongee."

Akamgeukia Mama Redio.

"Hii umeitoa wapi?"

Ghafla Mama Redio akawa na vifuniko vingi vya kupanga. "Si mzigo tu, dada."

"Mzigo gani una mwandiko wangu?"

Hakusubiri jibu. Alitoka kibarazani, akapiga namba aliyoifuta zamani ila kidole hakijaisahau.

"Halo?"

"Unauza santuri zetu?"

Fundi alipandisha sauti.

"Nakuuliza! Kama umezichoka si ungeniambia nizifuate? Unazitupa dukani kama kiatu cha mguu mmoja?"

"Siuzi."

"Ninayo mkononi! Ya kijani!"

"Umeipata?" Sauti ya Mpima ilipanda kwa furaha, kisha akashtuka. "Yaani... uko wapi?"

Hiyo "umeipata" ndiyo iliyomponza. Fundi alikata simu, akarudi ndani.

"Mama Redio, sema."

"Niliapa, dada."

"Sema, au rafu nzima naitoa nje."

Mama Redio akasalimu amri. "Shemeji huwa anapita hapa Alhamisi. Siku moja akaniuliza kama nakuona. Nikamwambia kila Jumamosi, na unatoka umevimba kama chura. Akaenda zake. Wiki hii akaja na hiyo. Akasema niiweke pale usijue imetoka kwake. Nyingine ataleta moja moja."

Mwanamke mwingine angelia. Fundi Miwani alishikwa na hasira mpya, kali kuliko ya kwanza, maana ugomvi uliowatenganisha ulikuwa huu huu. Mumewe hakuwa mlevi wala mzinzi. Alikuwa bubu wa makusudi. Alikubali kazi ya mbali ya miezi minane bila kumwambia, eti asimpe presha. Mama yake mzazi alipofanyiwa upasuaji, mkewe alipata habari kwa jirani. Kila jambo alilifanya kwa wema, na kila jambo kimya kimya, mpaka mke akajiona mpangaji ndani ya ndoa yake.

Ujumbe ukaingia: "Nakuja hapo. Tafadhali usiondoke."

Akajibu: "Ukija, njoo na mdomo."

Dakika ishirini hazikuisha. Mpima aliingia na buti za udongo na kofia ya kazi. Wateja wawili waliokuwa wakijaribu spika wakapunguza sauti wenyewe.

"Nilitaka ufurahi," alisema.

"Kwa kupitia rafuni?"

"Ningekuletea mkononi ungekataa."

"Umejuaje? Lini umewahi kuniuliza kitu ukasubiri jibu? Unapima, unaweka alama, unaondoka. Mimi kiwanja?"

"Eeh, hapo!" akaguna Mama Redio.

"Mama Redio, tafadhali!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Mpima alivua kofia. Aliitazama sakafu, kisha akajilazimisha kuinua macho.

"Nikiuliza, naogopa jibu. Mama alipougua, niliogopa nikikwambia nitalia mbele yako. Ile kazi, niliogopa utasema 'nenda' kama mtu asiyejali. Ndivyo nilivyo. Miaka mitatu nasikiliza peke yangu, na hata sisikii. Nataka kurudi. Nakuuliza. Na nasubiri, hata mpaka wafunge duka."

Mteja mmoja akazima spika kabisa.

"Jibu silitoi mbele ya watu," alisema fundi, akiibana ile ya kijani kifuani. "Kesho saa nane mchana, nyumbani. Njoo na zote zilizobaki. Ukikaa kimya kama gogo, mlango unaujua."

Mpima alikuja saa saba na nusu, kakumbatia boksi, lingine liko chini miguuni. Fundi alikuwa amefagia sebule mara tatu na kubadilisha nguo mara mbili. Walipanga santuri sakafuni, piano na saksofoni bega kwa bega. Maneno yalitoka kwa shida mwanzoni, kama dirisha lililoshika kutu, halafu yakaanza kumwagika. Mpima alisimulia usiku wa upasuaji wa mama yake mpaka machozi yakamtoka kweli, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

"Na mimi nilikuwa nauliza kwa kufoka," alisema fundi. "Nani angejibu?"

Akaweka santuri aliyoipenda kuliko zote, piano tupu upande mzima, akaegemea kochi na kufumba macho. Mpima akakohoa.

"Nina jambo."

"Sema."

"Hii sijawahi kuipenda."

Akafumbua jicho moja. "Ipi?"

"Hii. Huyu mtu anatafuta funguo zake dakika ishirini, na hazioni."

"Miaka tisa ulikuwa unatikisa kichwa!"

"Nilikuwa nasinzia."

Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamuwahi, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliinuka, akainua sindano kutoka kwenye santuri, akaketi tena, safari hii bega lake likigusa la Mpima.

"Haya," alisema, akijifuta macho. "Niambie lingine."