Mjumbe Mmoja

Sauti ya kumi na moja ilisikika Jumanne, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo katika ofisi ya Bodi ya Mipango Miji hata nzi husinzia. Katibu muhtasi alikuwa amevaa visikilizio, anachapa kumbukumbu za kikao cha wiki iliyopita. Wajumbe ni kumi. Sauti zao alizijua zote kama mtu anavyoijua milango ya nyumba yake: huu unakwaruza, ule haufunguki mpaka usukumwe. Hii hakuijua, wala kikaoni hakuisikia.

Ilikuja pale Mwenyekiti alipouliza kama kuna pingamizi juu ya kufukia kisima cha zamani nyuma ya maktaba ili pawe maegesho ya magari. Mtu akasema polepole, karibu kabisa na kinasa sauti:

"Mimi nina pingamizi. Mle ndani ni kwangu. Mkifukia, nipeni pa kukaa."

Nyuma ya maneno hayo maji yalikuwa yakidondoka, tone moja moja. Halafu ikaja sauti ya Mwenyekiti, ya haraka, ya mtu anayeona chai inapoa. "Haya, Muhtasi atalishughulikia. Tuendelee."

Mwanamke mwingine angevua visikilizio akaenda kumwita mtu. Huyu hakuvua. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na tangu hapo hakuna kitu kilichomfikia. Alikula kwa sababu ilikuwa saa ya kula, akachapa kwa sababu kulikuwa na cha kuchapa. Ofisi ile ilikuwa na desturi ya kutomtaja msemaji kwa jina, watu wasije wakakosana, basi naye akaandika kama alivyozoea: *Mjumbe mmoja alitoa pingamizi, akieleza kuwa kisima hicho ni makazi yake, na kuomba apatiwe makazi mengine.* Kwenye safu ya kulia, chini ya neno "Mtekelezaji", akaandika: *Katibu Muhtasi.*

Kikao kilichofuata kilizithibitisha kumbukumbu kwa kufunua kurasa tu. "Ukurasa wa kwanza?" "Sawa." "Wa pili?" "Sawa." "Wa tatu?" "Sawa, Mwenyekiti, tusonge mbele." Watu wazima kumi wenye miwani ya kusomea, na hakuna hata mmoja aliyesoma. Sahihi ikawekwa, mhuri ukagongwa, na Jumatatu malori yakamwaga kifusi kisimani.

Jumatatu hiyo hiyo jioni katibu muhtasi alifungua mlango wa nyumba yake akakuta sakafu ya sebule imelowa.

Alipiga deki. Asubuhi ikawa imelowa tena. Akamwita fundi bomba, ambaye aligonga kuta zote, akapiga magoti, akanusa yale maji, akaanza kukusanya spana zake kabla hajaulizwa kitu.

"Mama, maji haya hayatoki kwenye bomba langu mimi," alisema. "Haya yananuka udongo wa chini sana."

"Basi yanatoka wapi?"

"Kwaheri, mama."

Akapiga deki tena. Zulia likaota ukungu, kuta zikajaa jasho, nguo kabatini zikanuka kuvu, naye akafua, akaanika, akaenda kazini. Kitandani, upande aliokuwa akilala mumewe, shuka lilianza kulowa kila usiku kwa umbo la mtu. Alibadilisha shuka. Hakuogopa, na hilo nalo halikumshangaza.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba, aliyeitwa Kiroboto kwa jinsi alivyokuwa hatulii. Shule yake haikuwa mbali na ofisi ya mama. Saa sita na nusu akitoka, alikatiza nyuma ya maktaba, akaja kukaa chini ya meza ya mama mpaka saa za kazi ziishe. Wiki ile ya pili Kiroboto alitulia. Asubuhi moja, mbele ya uji, alisema bila kuinua macho:

"Mama, mjumbe anasema kwetu ni pazuri."

"Mjumbe gani?"

"Wa kisimani. Anasema wewe ndiye uliyempa."

"Anakaa wapi?"

"Pale alipokuwa anakaa baba." Mtoto akanong'ona. "Usimwangalie. Anakusikiliza."

Mama akatazama nywele za mwanawe, akaona zinatiririka maji ilhali hajaoga, akatazama vidole vilivyoshika kijiko vimekunjamana kama vya mfuaji aliyeshinda kwenye beseni, akasikia nyuma ya kisogo chake kiti cha marehemu kikilia chini ya uzito wa mtu anayejiweka sawa, na harufu ya matope ya zamani ikampanda puani mpaka kooni, na miezi yote minane aliyoishi bila kuhisi kitu ikampasukia kifuani kwa mara moja, akaogopa, akaogopa mpaka meno yakagongana. Alimbeba mtoto kama alivyo, uji mdomoni, akatoka naye nje.

Mtu aliyemsikiliza alikuwa mhudumu wa chai wa ofisini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitambaa begani.

"Nilijua tu," alisema kwa sauti ya chini. "Vikombe kumi napeleka, kumi na kimoja naosha. Nikasema labda ni uzee. Twende kwa kaka yangu."

Kaka yake alikuwa mpima ardhi mstaafu aliyegeuka mganga, na mwenyewe hakuona kama amebadili kazi: bado aliwaambia wenye kuhusika wapi ni kwao na wapi si kwao. Alikuja na mkoba, akasimama kizingitini, akachungulia sebule, na mkoba hakuufungua.

"Jini aliyevamia namtoa kabla hujabandika maji ya chai," alisema. "Huyu hakuvamia. Amepewa. Ana karatasi yenye mhuri, na mtekelezaji ni wewe."

"Nifanye nini, mzee wangu?"

"Bodi iliyopitisha maneno hayo iyafute yenyewe, kikaoni. Yakifutwa atatoka kwako kama mpangaji. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Usimtambue tena. Usimjibu, usimhesabu, usimwandike. Ukimwandika mara ya pili, mlangoni kwangu usibishe hodi."

Siku mbili baadaye kulikuwa na kikao. Asubuhi yake, mle mle nyumbani maana hawakuwa na pengine pa kulala, Kiroboto aliamka midomo ikiwa ya buluu. "Mama," alisema, "ameahidi kesho atanionyesha chini kabisa."

Kesho. Katibu muhtasi alilibeba neno hilo mpaka ofisini. Ili kikao kiwe halali walitakiwa wajumbe sita. Wakipungua, kinaahirishwa mwezi mzima. Saa nne zikagonga wakiwa wanne. Robo saa baadaye akaingia wa tano, akihema. Wengine walikuwa safarini, na mmoja alikuwa amepiga simu kuwa mgongo umemkamata.

Mwenyekiti aliinua kalamu, akaanza kuhesabu kuzunguka meza. "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano." Kalamu ikaendelea hadi kiti cha mwisho kilichokuwa kitupu, ikakionyesha pia. "Sita. Haya, akidi imetimia. Muhtasi, andika."

Katibu muhtasi alikitazama kile kiti. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa maji, na chini yake, juu ya vigae, tone lilianguka, kisha jingine. Hakuna aliyegeuka. Aliyakumbuka maneno ya mganga yote, hata pumzi aliyovuta kati yake. Akikumbusha kwamba ni watano, kikao kinakufa, na kesho mtoto anaonyeshwa chini kabisa. Akaandika: *Waliohudhuria: sita.*

Kisha akamnong'oneza Mwenyekiti kwamba ukurasa wa tatu wa kumbukumbu zilizopita, kwenye mstari wa makazi, una kosa la uchapaji.

"Kila siku kosa la uchapaji," Mwenyekiti alilalamika. "Mstari ufutwe. Wanaokubali?" Mikono ikainuliwa. Mkono wa kiti cha mwisho nao uliinuliwa, maana maji yalisikika yakichuruzika kutoka juu.

Jioni ile sakafu ilikuwa kavu. Kiti cha marehemu kilikuwa kikavu, kitanda kilikuwa kikavu, na ilinuka nyumba tu. Kiroboto alikula sahani mbili, akavunja kikombe, akauliza kwa mara ya kwanza kama baba hatarudi kweli. "Hatarudi, mwanangu," mama alisema. Walikaa kwenye kile kiti wamekumbatiana, wakalia mpaka wakalala hapo hapo. Alikuwa hajalia hata siku ya mazishi.

Wiki nne zilipita, akaanza kupata tena ladha ya chumvi kwenye chakula. Maegesho nyuma ya maktaba yalimalizika. Kikao kilichofuata wajumbe wote kumi walifika, na mhudumu wa chai akaleta vikombe kumi, akamtupia jicho, akatoka. Katibu muhtasi alikaa kwenye kona yake ya meza, pale anapokaa mtu wa kuandika asiyeulizwa maoni. Hoja zikapita, moja baada ya nyingine, mpaka wakafika kwenye "Mengineyo".

"Kuna mwenye la ziada?" Mwenyekiti aliuliza.

Tone likadondoka.

"Makazi mliyonipa mmeyafuta," ilisema ile sauti, safari hii bila kinasa sauti, sikioni kwa katibu muhtasi. "Sina kinyongo, na mimi ni mjumbe, nimeandikwa. Nimerudi kwangu, chini ya lami. Ila mtoto nimemzoea. Naomba aletwe."

Wajumbe walikuwa wakikusanya makaratasi. Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani.

"Haya, Muhtasi atalishughulikia."

Katibu muhtasi alitazama daftari lake. Mkono, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, ulikuwa umeshaandika: *Mjumbe mmoja aliomba mtoto aletwe. Mtekelezaji: Katibu Muhtasi.* Alikwaruza yale maneno mpaka karatasi ikachanika, na kwenye karatasi ya chini yake yalikuwepo. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Napinga!" alipiga kelele. "Mwenyekiti, napinga!"

Nyuso kumi zilimgeukia. Mwenyekiti alivua miwani, akamwangalia kwa huruma, maana habari za msiba wake zilijulikana kwa wote.

"Kaa, dada yangu," alisema taratibu. "Wewe si mjumbe."

Kikao kilifungwa saa sita na nusu. Wakati huo katibu muhtasi alikuwa ameshafika kwenye ngazi, anakimbia peku kuelekea nyuma ya maktaba, na kengele ya shule ilikuwa inalia.