Shemeji Alipoishindanisha Tovuti Yangu

Niliingia ofisi ya chama cha wakulima wa korosho, hapa Rahaleo, nikakuta kazi yangu imeanikwa ukutani kama mwizi aliyekamatwa.

Projekta inawaka. Ukurasa wangu uko pale... unazunguka tu, haufunguki.

Na anayewaonyesha kamati ni Asadi. Mdogo wake mume wangu. Anayelala chumba cha pili nyumbani kwangu.

"Hii ni ya shemeji. Mnaona wenyewe."

Kisha akafungua ya kwake. Ikatokea papo hapo.

Jamani, niwaeleze. Chama kilitaka tovuti ya kuonyesha bei za mnada kwenye simu za wakulima. Tuliomba watu wawili. Mimi nilijenga kwa React, Asadi kwa Svelte. Hizo ni fremuweki, yaani mifupa iliyo tayari ya kujengea kurasa. Itakayofunguka haraka zaidi, aliyeijenga anachukua kazi ya kuitunza na kuandika bei msimu mzima. Kazi hiyo ndiyo ingenitoa kwenye kuchapa barua za watu steshenari.

Nikatazama anwani juu ya ukurasa. Damu ikachemka.

Ile haikuwa tovuti niliyokabidhi. Lilikuwa toleo langu la kutafutia makosa, limebeba zana zote za fundi. Zito kama kontena. Neno la siri la kuliingilia nilimpa mimi mwenyewe, anisaidie kulikagua. Ya kwake ameileta imeshabanwa ikawa nyepesi, tayari kwa watumiaji.

Nilimuuliza mbele ya watu kwa nini kalinganisha hivyo. Akasema nisilete hasira za nyumbani kazini.

Hasira za nyumbani!

Nikaigeukia kamati.

"Amechukua korosho yangu na maganda, ya kwake kaibangua, halafu anauliza ipi nyepesi."

Hapo wote wakaelewa. Mwenyekiti, Bi Mwanaidi, akavua miwani.

"Asadi mwanangu, pale ghalani mwenye gunia anachoma bambo mwenyewe?"

Bambo ni kile chuma cha kutolea sampuli. Asadi akajibu kwa sauti ndogo kwamba hapana, anachoma mtu wa ghala.

"Basi kaeni pembeni, wote wawili."

Katibu akawatumia wakulima waliokuja kikaoni matoleo yaliyokamilika, langu na lake. Walikuwa wametoka vijiji vya huko Mnazi Bay, na simu zao za bei rahisi zenye vioo vilivyopasuka. Wakafungua kwa bando zao. Sisi hatukugusa kitu.

Nilikaa nikisubiri aaibike.

Simu ya kwanza... ya Asadi ikatangulia.

Ya pili... ya Asadi tena. Mpaka ya mwisho. Si kwa mbali, lakini ilitangulia. Svelte inapeleka mzigo mdogo, na simu dhaifu inaupokea vizuri.

Mnaelewa? Kijana alikuwa ameshinda. Angetulia tu, kazi ilikuwa yake.

Akaanza kutabasamu. Bi Mwanaidi akamkata.

"Tovuti yako nzuri. Lakini bei za mnada ndiyo uziandike wewe? Nitawaambia nini watu wangu wakiniuliza kama ni za kweli?"

Kazi nikapewa mimi.

Sikufurahi, nasema wazi. Nimepata kazi kwa kushindwa, kwa sababu mtu wa ndani kwangu aliona kunishinda hakutoshi mpaka anidhalilishe.

Tovuti nimeijenga upya kwa Svelte. Kipimo kimesema, hata kama kimenikera. Asadi anaijua kuliko mimi, na sijamuuliza neno.

Ndugu zangu, ukilinganisha, linganisha vilivyo sawa, na mpe mtu mwingine apime. Na wewe unayepanga kudanganya, hakikisha kwanza kama ulikuwa unahitaji.